Programu huria ya kikapu cha manunuzi inaweza kubeba duka lenye wateja wengi? Naombeni ushauri

KanzuNaGomesi_Bombo

Assalaam aleikum wadau, na salamu kwa wote.

Nina duka la mtandaoni la kanzu, gomesi (gauni za wanawake wa Uganda), vitenge na mashungi. Mzigo mwingi tunauchukua Kikuubo, soko la jumla la Kampala. Kampala tunapeleka kwa boda, na Arua, Mbale na Mbarara tunatuma kwa basi. Natumia WooCommerce, programu huria ya duka inayokaa juu ya WordPress (programu ya kutengeneza tovuti), kwenye seva ya kushirikiana na tovuti nyingine, tunayolipia kwa mwaka. Siku za kawaida napata oda 30 hadi 40, na mambo huenda vizuri.

Siku tatu kabla ya Idi tulitangaza punguzo kwenye magrupu ya WhatsApp, saa mbili kamili usiku. Haikufika saa mbili na robo, duka likawa linaonyesha ukurasa mweupe wenye namba 508. Linarudi dakika mbili, linaanguka tena.

Hilo ningelivumilia. Lakini kuna mama mmoja wa Mukono aliweka PIN ya pesa za simu, pesa zikakatwa, ujumbe wa malipo anao kwenye simu, na kwangu oda imeandikwa "inasubiri malipo". Baada ya saa moja mfumo ukaifuta wenyewe. Kanzu zake tatu za watoto zikarudi kwenye stoku, na mtu mwingine akazinunua. Nilimrudishia pesa na kumwomba radhi, lakini watoto walikwenda kuswali Idi bila kanzu mpya. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kijana anayenisaidia anasema programu za bure ni za maduka madogo. Ni kweli? Nihame?

boda_wa_kidijitali

Hamia Shopify, huduma ya duka ya kulipia, ulale usingizi. Seva ni kazi yao, si yako.

MwanaNtinda

Usingizi huo una bei, ndugu yangu. Unalipa kila mwezi kwa dola, na kwa kuwa Shopify Payments, njia yao wenyewe ya malipo, haipo Uganda, lazima uunganishe njia nyingine ya malipo, nao wakate asilimia yao kwenye kila mauzo. Kwa mwenye kuuza kanzu kwa faida ndogo, apige hesabu kwanza.

fundi_wa_seva_Jinja

Waaleikum salaam. Pole sana, hasa kwa huyo mama.

Kwanza, WooCommerce haikushindwa. Hiyo 508 inatoka kwenye seva: akaunti yako ilifika kikomo cha maombi yanayoshughulikiwa kwa wakati mmoja. Seva ya kushirikiana ina tovuti nyingi, kwa hiyo kila mmoja anapimiwa kibaba chake. Ungeweka programu yoyote pale, ya bure au ya kununua, ingeanguka vilevile.

Pili, tofautisha wanaotazama na wanaonunua. Ukurasa wa kanzu ni uleule kwa kila mtu. Ukiwa kwenye kashe, yaani nakala iliyohifadhiwa tayari, seva inautoa kama karatasi iliyokwisha chapwa, bila kuamsha PHP (lugha inayoendesha WordPress) wala hifadhidata. Kikapu na malipo haviendi hivyo, kwa sababu kila mteja ana vyake. Watazamaji elfu moja wanabebeka kwa urahisi. Wanunuzi 50 wanaobonyeza "Lipa" ndani ya dakika moja ndio mzigo wenyewe.

Tatu, duka lako lina umri gani? Zamani WooCommerce iliweka oda kwenye majedwali yaleyale ya makala za WordPress, na oda moja ilitawanyika katika mistari mingi ya jedwali moja, wp_postmeta. Tangu toleo 8.2, Oktoba 2023, maduka mapya yanapewa majedwali maalumu ya oda, mfumo unaoitwa HPOS. Duka la zamani halibadiliki mpaka mwenyewe uwashe. Chukua nakala ya hifadhidata kwanza, kisha hakikisha kila plagini yako (programu ndogo ya nyongeza) inaukubali.

Sasa kisa cha yule mama, maana hapo ndipo ningeanzia. WooCommerce ina kipimo cha muda wa kushikilia stoku, na kwa kawaida kimewekwa dakika 60. Oda isiyolipwa ikivuka muda huo inafutwa. Kwa upande wa malipo, maelezo ya API (njia ya programu kuzungumza) ya MTN MoMo, huduma ya pesa za simu, yanasema wazi kwamba taarifa ya kukamilika hutumwa mara moja tu, hairudiwi. Kama seva yako ilikuwa chini sekunde ile, taarifa ilipotea na duka halikujua kwamba mama amelipa. Kwa hiyo usikae kungoja taarifa. Plagini yako ya malipo iwe inauliza yenyewe hali ya kila oda inayosubiri, kwa kutumia namba yake ya rejea, kila baada ya dakika chache, na iulize kwa mara ya mwisho kabla oda haijafutwa. Kama haina uwezo huo, mtafute mtu akuandikie. Hiyo ndiyo pesa ya kwanza ningeitumia, kabla hata ya seva.

NyakatoMbarara

Kaka, kwenye kashe uwe mwangalifu sana. Mimi niliwasha kila kitu kwa pupa, mteja wa Masaka akafungua ukurasa wa malipo akakuta jina na namba ya simu ya mtu mwingine. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, hilo si jambo la kupuuza. Kikapu, malipo na "akaunti yangu" viondoe kabisa kwenye kashe.

Na picha zako je? Tangu Julai 2021 data ina ushuru wa asilimia 12. Picha ya megabaiti nne moja kwa moja kutoka kwenye simu inakula bando la mteja kabla hajaiona kanzu.

MwanaNtinda

Kuna atakayekwambia Magento, programu nyingine ya duka. Ina nguvu kweli, lakini tangu toleo 2.4 inadai injini ya utafutaji kama Elasticsearch, nayo ni mlafi wa kumbukumbu. Kwa oda 40 kwa siku ni kukodi lori kubeba gunia moja.

KanzuNaGomesi_Bombo

Mungu awalipe. Nimekagua: duka ni la 2020, HPOS haijawashwa, plagini ni 34, na ile ya malipo inangoja taarifa tu, haiulizi. Picha sitaki hata kusema. Seva pepe (iliyotengwa kwa ajili yangu peke yangu) ya RAM GB 4 itatosha?

fundi_wa_seva_Jinja

Kwa kuanzia, ndiyo, ukiweka Redis (programu ya kuhifadhi data kwenye kumbukumbu ili ipatikane haraka) na ukipunguza hizo plagini. Lakini usichukue neno langu. Tengeneza nakala ya duka, weka malipo ya majaribio, halafu tumia k6, programu huria ya kupima mzigo, kutuma wanunuzi bandia 50 wanaoweka kanzu kikapuni kwa pamoja. Wakiwa katikati ya kununua, zima seva kwa dakika moja, iwashe, kisha uhesabu: oda zilizolipwa zimebaki ngapi? Leta namba hiyo hapa.

KanzuNaGomesi_Bombo

Naanza Jumamosi baada ya Isha. Kipimo cha kufuta oda nimekiondoa leo hii; mpaka plagini irekebishwe, oda zote zinazosubiri nitazikagua mwenyewe kwa mkono.