Je, shule ya kata inamfungia mtoto?

Mzazi, Nkuhungu
Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa uwazi. Binti yangu alianza darasa la kwanza mwaka 2014 katika shule iliyo mtaa wa pili kutoka nyumbani, akaingia sekondari ya kata yetu, na kwa miaka kumi na mmoja akasoma na watoto walewale, mbele ya walimu wanaomjua mama yake kwa jina. Mwaka 2025 alipopangiwa kidato cha tano mkoani Kigoma, wiki ya kwanza haijaisha alimwomba matroni simu, akaniambia kwamba hawezi kulala chumba kimoja na watu asiowajua. Sisi tulisoma Tabora mwishoni mwa miaka ya sabini, Mhaya kitanda cha juu na Mmakonde kitanda cha chini. Shule za kata, zilizoenea tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) uanze mwaka 2004, zimemsogezea mtoto darasa lakini zimemnyima safari. Pitieni vijiji vya Bahi, hapa mkoani Dodoma, mkawasikie wanafunzi wa kidato cha tatu wakizungumza Kigogo uwanjani tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho, mtanielewa.

Mwalimu, Bahi
Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ina uzito, lakini sentensi yako ya mwisho imeniuma, na hiyo ndiyo nitakayoijibu. Nafundisha hukohuko Bahi, nami ni mgeni kutoka Mbeya. Wanafunzi hao ndio walionifundisha kuamkia watu kwa "mbukwenyi", na ndio walionifasiria nilipokwenda kuonana na bibi zao. Mtoto anayetoka kwenye Kigogo cha uwanjani, akaingia kwenye Kiswahili cha mkutano wa kijiji na Kiingereza cha kitabu cha baiolojia, yote kwa siku moja, hajafungiwa na lugha yake. Kinachonisikitisha mimi ni kwamba wapo wasiowahi kufika Dodoma mjini, ingawa ni karibu saa moja tu kwa basi.

Mstaafu, Kizota
Mwalimu, hakuna aliyekitukana Kigogo. Mimi ni Mgogo wa Mvumi na lugha yangu naienzi. Hata hivyo, Nyerere alipotaifisha shule mwaka 1967 alikusudia watoto wasome pamoja bila kujali dini wala kabila, na waliomaliza kidato cha sita wakapita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), wengine hapa Makutupora, ambako mtoto wa mkulima na mtoto wa mkubwa walilima shamba moja. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, lakini anayeishia kidato cha nne kijijini kwake haumfikii. Binti wa Nkuhungu analia Kigoma, naam, lakini amefika Kigoma.

Mama, Chamwino
Shule zilitaifishwa kwa sheria ya mwaka 1969. Mwaka 1967 ni Azimio la Arusha. Nakusahihisha kwa sababu ninyi wazee mnaikumbuka safari yenu na kutusahau tuliobaki. Mwaka 1983 darasa letu la saba lilikuwa na watoto arobaini na watatu, akachaguliwa mvulana mmoja. Yeye ndiye aliyekwenda kulala bweni moja na Wahaya na Wamakonde. Sisi tulirudi shambani, na wasichana wengi tuliolewa kabla ya mavuno ya pili. Binti yangu yuko kidato cha nne leo kwa sababu shule ilijengwa mahali anapoweza kufika kwa miguu na kurudi kabla ya giza. Kwa hiyo mnaponiambia kwamba shule hiyo imemfungia, nasikia kana kwamba mnasema afadhali angebaki kama mimi, na hilo silikubali kutoka kwa mtu yeyote.

Mzazi, Nkuhungu
Pole, mama, sikukusudia hivyo, na umenigusa. Mwalimu, nakiri kwamba mfano wa Bahi ulikuwa wa kosa, kwani nilipaswa kuutaja mtaa wangu. Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016 tumepata majirani kutoka kila mkoa, lakini wengi wao watoto wao hupitiwa alfajiri na mabasi ya njano ya shule za kulipia, na binti yangu hakuwahi kukaa dawati moja na hata mmoja wao. Kwa nini shule ya kata ya mjini na ya Bahi zisibadilishane wanafunzi, hata kwa wiki moja kila muhula?

Mwalimu, Bahi
Mwaka jana tuliwaomba wazazi nauli ili tuwapeleke kidato cha tatu kuliona Bunge, ofisi moja ikatuzuia kwa maelezo kwamba michango hairuhusiwi, nasi hatukuwa na fungu jingine. Watoto walikuwa wameshafua sare. Mabadilishano hayo nayaunga mkono, ila tusisubiri waraka: binti yako akirudi likizo mwezi wa kumi na mbili, je, utamruhusu aje alale kwetu wiki moja, nawe uwapokee wawili wa kwangu?

Mama, Chamwino
Na wa kwangu awe wa tatu. Nauli yake nitaitoa mwenyewe.