Hotuba ya Lloyd George ya 1918: mashujaa walikuwa nani?

Msomaji wa Historia: Ndugu zangu, Novemba 1918, siku chache baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kusimama, Waziri Mkuu wa Uingereza David Lloyd George alihutubia mjini Wolverhampton akisema kazi iliyobaki ni kuifanya Uingereza nchi inayowafaa mashujaa kuishi. Je, ahadi hiyo ilitimizwa?

Mwalimu Mstaafu: Kwa sehemu. Sheria ya Nyumba ya 1919, iliyosimamiwa na waziri Christopher Addison, ililenga nyumba 500,000, lakini zilizojengwa hazikufika nusu, kwani mwaka 1921 serikali ilibana matumizi. Hata hivyo, familia zilizohamia nyumba zenye bafu na bustani hazikuyaona maneno yale kuwa matupu.

Binti wa Kariakoo: Shikamoo, Mwalimu. Na wapagazi wetu Waafrika waliolitumikia jeshi la Uingereza Afrika Mashariki je? Walibeba unga na risasi vichwani, wakafa kwa maelfu kwa kuhara na malaria, na mtaa wetu umerithi jina la kikosi chao, Carrier Corps. Lakini mashamba ya Kenya, kuanzia 1919, waligawiwa wanajeshi wazungu.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba, binti yangu. Ahadi ile ilikuwa ya kuomba kura: uchaguzi wa Uingereza ulikuwa Desemba 1918, na mpagazi hakuwa na kura.