Cam Neely na mafowadi wa mabavu wa leo: nani anamkaribia?

Winga_wa_Kulia:
Wadau wa magongo ya barafuni, tulimalize hili. Kati ya Tom Wilson (Washington), Zach Hyman (Edmonton) na ndugu wawili, Matthew Tkachuk (Florida) na Brady Tkachuk (Ottawa), nani anaifanya kazi ya Cam Neely wa Boston? Nasema kazi yote: kufunga, kugonga watu ukutani, na kuzichapa ikibidi. Neely alistaafu 1996 akiwa na mabao 395 katika mechi 726 na dakika 1,241 za adhabu (muda wa kutolewa barafuni kwa makosa). Jezi namba 8 haivaliwi tena Boston tangu 2004. Mimi nampa Wilson: sentimita 193, kilo 100 hivi, na msimu wa 2024-25 alitia mabao 33, mengi kuliko msimu wake wowote wa kabla ya hapo.

Takwimu_Baridi:
Mkuu, kwenye kugonga hatuna namba za kushika. NHL, ligi kuu ya mchezo huu Amerika Kaskazini, ilianza kuhesabu rasmi migongano msimu wa 1997-98, Neely keshaondoka. Hata muda wa kukaa barafuni haukurekodiwa kabla ya hapo. Tubaki na mabao, ila tuyasawazishe kwanza. Msimu wa 1989-90 mechi moja ilizaa wastani wa mabao 7.4; 2023-24 ni kama 6.2. Chukua mabao 55 ya Neely ya msimu ule, zidisha kwa 6.2, gawa kwa 7.4, unapata 46. Bado anamwacha Wilson kwa 13.

Msimu wa 1993-94 ndio unaonishangaza zaidi. Wastani ulikuwa umeshashuka hadi 6.5 hivi, kwa hiyo mabao yake 50 yanapungua kidogo tu, yanakuwa 48. Na alicheza mechi 49! Bao la 50 lilikuja katika mechi yake ya 44. Wayne Gretzky, mfungaji maarufu wa Edmonton wa miaka ya 1980, peke yake ndiye aliyewahi kufika kwa mechi chache zaidi. Halimo kwenye orodha rasmi ya mabao 50 katika mechi 50 kwa sababu kinachohesabiwa ni mechi za timu, na Boston walikuwa kwenye mechi ya 66.

Beki_Kushoto:
Sawa, lakini mbona hamumtaji Adam Oates, mchezaji wa kati wa Boston aliyekuwa akimlisha Neely? Msimu huo alitoa pasi za mabao 80. Ndiye pia aliyekuwa akimlisha Brett Hull kule St. Louis, Hull akafunga 86 msimu wa 1990-91. Ukitafuta hali kama hiyo leo, ni Hyman: mabao 54 katika mechi 80 msimu wa 2023-24, huku mwenzake wa Edmonton, Connor McDavid, akitoa pasi 100. Na kimo ni kilekile cha Neely, sentimita 185.

Mtazameni Hyman miguu, si mikono. Anasimama mbele ya kipa, nje kidogo ya eneo lililopakwa buluu, mgongo umembana beki, ubao wa fimbo uko chini kwenye barafu. Shuti likija anamziba kipa macho, kisha anakichepusha kisahani (ndicho mpira wa mchezo huu) au anawahi kinachotemwa. Kosa la kawaida ni kuingia mwenyewe ndani ya buluu na kumgusa kipa: bao linafutwa, na tangu 2015 kocha wa upande wa pili anaweza kudai picha za video zikaguliwe.

Winga_wa_Kulia:
Kaka, Oates alifika Boston Februari 1992. Neely alikuwa ameshafunga 55, na msimu uliofuata 51, kabla hajamwona. Na Hyman hazichapi, kwa hiyo theluthi nzima ya kazi inabaki bila mtu.

Takwimu_Baridi:
Ndiyo maana mimi niko kwa Brady. 2023-24: mabao 37, dakika 134 za adhabu. Neely 1988-89: mabao 37, dakika 190. 

Matthew ni mchezaji mkubwa, ila wa aina nyingine. Katika pointi zake 109 (mabao na pasi za mabao) za 2022-23, 69 ni pasi. Vikombe vya ubingwa anavyo viwili, 2024 na 2025. Neely hana hata kimoja. Fainali za 1988 na 1990 zote Edmonton waliwafunga.

Beki_Kushoto:
Nakubali kuhusu Oates. Ila mkilinganisha miili, kumbukeni Neely alicheza na mwili gani. Kwenye mchujo wa 1991 Ulf Samuelsson wa Pittsburgh alimgonga paja na goti. Damu iliyovilia ndani ya msuli wa paja ikageuka mfupa. Jeraha la namna hiyo likisuguliwa au kupewa kazi mapema, mfupa huzidi kuota. Misimu miwili iliyofuata alicheza mechi 9, kisha 13. Zile 49 za 1993-94 zilitokana na goti: hakuweza kucheza siku mbili mfululizo, ikabidi apumzishwe. Nyonga ndiyo iliyomstaafisha akiwa na miaka 31.

Brady tangu aanze amekuwa mzima misimu mingi, na hajafika hata mabao 40.