Naomba ushauri: shisha ninazoandaa zinaungua

Wakuu, habari zenu. Niko Dubai, wiki ya pili mkahawani, nimepewa kazi ya kuandaa shisha. Zangu zinaungua. Dakika 10 tu moshi unakwaruza koo, mteja anakohoa na kuirudisha.

Maji naweka mpaka bomba lizame kama vidole viwili. Tumbaku naijaza kwenye bori (kile kikombe cha juu) mpaka inagusa foili ya kufunikia, juu yake makaa 3 ya vifuu. Nimebadilisha maji, nimetia barafu, wapi! Nikifunua foili, tumbaku ya juu nyeusi tii, ya chini bado mbichi.

Je, naijaza kupita kiasi? Na makaa nianze na mangapi, niyaweke katikati au pembeni? (Msiniambie niache, mimi mwenyewe sivuti.)