Mdogo wangu anataka kupiga kura 2027, kitambulisho kimekwama kwa sababu ya marehemu baba. Tufanyeje?

MwanaNgarawa

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Sisi ni watu wa Kwale, Kenya, pwani ya Gazi. Mamangu ni Mdigo, ana kitambulisho tangu enzi za Moi. Marehemu babangu alikuwa Mpemba. Babu yake alivuka na dau kufuata samaki kabla ya uhuru, asirudi. Baba kazaliwa hapa, kavua hapa, kafa 2019 na tukamzika hapa. Kitambulisho hakuwahi kukishika. Laini yake ya simu ilikuwa kwa jina la mama, na kila tukisikia askari wa doria wako ufuoni, baba alikuwa na shughuli ya ghafla kwenye mikoko.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 19, amemaliza kidato cha nne. Anataka kitambulisho ajiandikishe kura, maana mambo ya uvuvi na wadi yetu anayafuatilia kuliko mimi. Tumekwenda ofisini mara 3. Mara ya kwanza, lete kitambulisho cha baba. Tukasema hakuwa nacho. Mara ya pili, basi leteni cheti cha kifo. Hatukuandikisha kifo, tulizika siku ile ile kama tunavyozika sote. Mara ya tatu karani hata faili hakufungua. Aliangalia jina, akauliza, "Hili jina la wapi?"

Sasa kuna dalali anataka shilingi 8,000 amwandike binti kuwa mtoto wa mjomba wetu, ndugu ya mama. Anasema wiki 3 kitambulisho mkononi. Mama anaelekea kukubali. Na hapa ndipo ninapoona haya: mimi nilipita njia hiyo hiyo 2015. Kwenye fomu zangu baba ni mjomba, na jina lake ndilo la tatu kwenye kitambulisho changu. Nimepiga kura 2017 na 2022 kwa jina hilo.

Mdogo wangu hataki. Amesema yeye ana babake. Nami naogopa akienda kwa ukweli, faili lake litafukua langu. Nishaurini.

Karani_wa_Zamani

Pole kaka. Nilikuwa karani wa kuandikisha wapiga kura mwisho wa 2012, zile mashine za alama za vidole zilipoanza, kisha nikasimamia kituo 2017.

Kwanza elewa mlango uko wapi. Mezani kwetu hatukuuliza kabila wala baba. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inataka kitambulisho cha taifa au pasipoti ya Kenya, basi. Ile karatasi ya kusubiri haikubaliki. Nimewarudisha vijana wangapi nayo mkononi, wengine wamekuja kwa miguu kutoka mbali, na bado nyuso zao nazikumbuka. Kwa hiyo anayeamua nani apige kura nchi hii si IEBC, tume ya uchaguzi, peke yake. Ofisi ya vitambulisho imeshaamua zamani, kabla mtu hajafika kwetu.

Pili, muda. Uandikishaji wa kuendelea ulirudi Septemba 2025, lakini daftari hufungwa kabla ya uchaguzi. Asihesabu mpaka Agosti 2027, ahesabu mpaka siku ya kufunga daftari, kisha atoe miezi ambayo kitambulisho hukaa Nairobi.

Na dalali muacheni. Cheti cha KCSE, kile cha kidato cha nne, cha binti kina jina la nani?

MwanaNgarawa

La baba. Cheti cha kuzaliwa pia, mama alikifuatilia akiwa darasa la nne.

Karani_wa_Zamani

Ndiyo hayo sasa. Atapata kitambulisho cha mjomba na vyeti vya baba. Akienda kuomba mkopo wa chuo au kazi ataambiwa hawa ni watu wawili.

WakiliMtarajiwa

Mimi bado nasoma sheria, kwa hiyo msininukuu mahakamani. Lakini mbona mnazunguka? Mama ni Mkenya. Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010 inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama AU baba yake ni raia. Na inawahusu hata waliozaliwa kabla ya 2010. Zamani, kwa aliyezaliwa nje ya nchi, ilikuwa baba, baba, baba. Kuna maofisa ambao vichwa vyao viko bado kwenye katiba ya zamani.

Aende na mama mwenyewe, si nakala ya mama. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mama, vyeti vya shule, na hati ya kiapo ambayo mama anaeleza kwamba mumewe alifariki na hakuwa na kitambulisho. Tafuteni msaidizi wa kisheria afuatane nao. Ajabu ni kwamba karani yule yule huona ibara ya 14 vizuri zaidi mtu mwenye faili akisimama karibu.

Kuhusu wewe, kutoa habari za uongo kwenye usajili wa watu ni kosa, sikufichi. Usiende kujieleza dirishani peke yako. Kaa na wakili kwanza. Lakini dada yako haombi kwa kitambulisho chako, anaomba kwa cha mamake.

BintiKibra

Kaka, mimi ni Mnubi. Babu wa babangu aliletwa na Waingereza kutoka Sudan akiwa askari wa KAR, jeshi lao la kikoloni. Nilipotimiza miaka 18 wenzangu darasani walikwenda na nakala ya kitambulisho cha mzazi, wakapigwa picha, wakarudi kula chakula cha mchana. Mimi nilipangiwa siku ya kupigwa msasa, yaani kuhojiwa asili yangu. Wazee wamekaa kwenye benchi, karatasi za babu, za bibi, na swali moja sitalisahau: "Kwenu hasa ni wapi?" Niliwaonyesha kidole. Nyumba ilikuwa inaonekana dirishani.

Kitambulisho kilitoka uchaguzi wa 2013 umeshapita. Nilikaa nyumbani siku ile nikawapikia waliokwenda foleni. Na hii si hadithi yangu tu. Kamati ya Afrika ya haki za mtoto iliamua 2011 kwamba Kenya iliwakosea watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uhakika wa uraia.

Binti asikubali baba wa kuazima. Mwambie nimempenda bila kumwona.

Mkulima_wa_Bara

Msinione mbaya. Lakini msasa ulikuwa na sababu. Tuna mipaka ambayo mtu anavuka na mbuzi wake asubuhi na kurudi jioni. Wanasiasa wanasombwa watu kutoka ng'ambo siku ya kuandikisha, tumesikia kila uchaguzi. Rais aliondoa msasa wa kaunti za mpakani Februari 2025, wengine tukajiuliza sasa nani atachunga? Kura ya mgeni inafuta yangu.

BintiKibra

Wanasombwa au wanasomba? 😄 Lakini jibu lako liko pale juu. Mgeni mwenye 8,000 anapita wiki 3. Aliyekwama ni binti aliyezaliwa Gazi, mwenye mama Mdigo, kwa sababu hataki kusema uongo. Kichujio gani hicho kinachopitisha makapi na kuzuia chai?

Mkulima_wa_Bara

Wanasomba, samahani. Hapo kwa dalali umenishika. Lakini bado nasema pawe na uchunguzi, ila uwe mmoja kwa wote, hata sisi wa Nyeri.

Mtoto_wa_Ifo

Sisi Garissa tuna yetu. Ukame ulipobana, wazazi wengi Wakenya waliandikisha watoto kambini Dadaab kama wakimbizi, kwa sababu ya unga, mafuta na shule. Ulikuwa na miaka 6, hukuulizwa. Ukifika 18 unaweka kidole kuomba kitambulisho, mashine inasema wewe ni mkimbizi. Ndugu yangu mkubwa alizaliwa kabla ya njaa, ana kitambulisho na anapiga kura. Mimi, mama mmoja, baba mmoja, nilikuwa mgeni kwa miaka 9.

MwanaNgarawa, chunga kidole. Jina linabadilishwa, kidole kinakumbuka.

Jirani_Msambweni

Kabla ya 2016 jirani zetu Wamakonde walikuwa kama babako. Mishahara ya shamba wanalipwa kwa simu ya mtu mwingine, na huyo mtu anakata chake. Oktoba 2016 wakaamua kutembea kutoka Kwale mpaka Ikulu Nairobi. Wakazuiwa njiani, wakasonga. Vitambulisho vikatoka, na Agosti 2017 nilisimama foleni moja na mzee aliyekuwa anapiga kura mara ya kwanza na mvi zote kichwani. Alikishika kile kitambulisho kwa mikono miwili kama sahani ya moto.

Wapemba nao walitambuliwa 2023, Rais alikuja Kilifi Julai ile. Babako alikosa kwa miaka 4 tu, Mungu amrehemu.

MzeeWaWete

Naandika kutoka Pemba yenyewe. Mnachekesha na kuliza. Huko mnaitwa Wapemba mnanyimwa, na huku Zanzibar huandikwi kupiga kura bila kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na njia yake inapita kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Sheha akisema hakujui, hata kama alikula pilau ya harusi yenu, hujulikani. Tanzania Bara kwa uandikishaji wameachiwa nafasi zaidi, mtu anapewa kadi ya mpiga kura, na kwa miaka mingi kadi hiyo hiyo ndiyo ilikuwa kitambulisho cha benki na laini ya simu.

Muscat_Kazini

Mimi nina kitambulisho, nina pasipoti, nimeandikishwa Likoni. 2022 Wakenya wa nje walipigia kura nchi 12, Oman haikuwemo. Hata ingekuwemo, pasipoti iko kabatini kwa tajiri. Salamu kwa binti.

Karani_wa_Zamani

Moja nimesahau. Kama amekuwa akivuta nyavu au kupara samaki, avipake mafuta vidole wiki moja kabla. Alama za wavuvi hufutika na chumvi na kamba. 2017 kituoni kwangu mashine ilikataa wazee kadhaa, tukawatafuta kwa namba ya kitambulisho na kujaza fomu mbele ya mawakala. Walipiga kura, lakini mmoja alitaka kuondoka kabla, akidhani amefutwa.

MwanaNgarawa

Mrejesho, ndugu zangu. Jumatatu tumekwenda: binti, mama, msaidizi wa kisheria na hati ya kiapo. Dirishani alikuwa karani mwingine. Akasoma, akamuuliza mama, "Mume wako alikuwa nani?" Nadhani alimaanisha kabila. Mama akamjibu, "Mvuvi." Karani akacheka, akaandika. Mafuta ya nazi yalisaidia, vidole vyote 10 vimekubali. Tumepewa karatasi ya kusubiri yenye jina la baba, herufi moja imekosewa, ikasahihishwa pale pale. Binti hakutaka kuondoka mpaka isahihishwe.

BintiKibra

Alhamdulillah! Na wewe je, kaka?

MwanaNgarawa

Nimepewa miadi na wakili Alhamisi. Mjomba amesema atakuja kutoa ushahidi kwamba hakunizaa, mradi nimlipie nauli.