Majirani Mwembeni, Walukuba

[18:41] Mama Shamim: Jamani nani yuko nyumbani? Boda imemgonga yule mbwa Askari hapa getini. Mguu wa nyuma unavuja damu vibaya

[18:41] Mama Shamim: Leteni kitambaa safi na ubao. Ubao wowote

[18:44] Mama Shamim: Naona mmesoma

[18:45] Opio: Mwenye boda amesimama?

[18:45] Mama Shamim: Amekimbilia Masese. Achana naye, leta ubao

[18:46] Baba Kevin: Si huyu Askari aliyekula kuku wangu Idd iliyopita?

[18:46] Nasra: 😂😂 amekamatwa na trafiki

[18:48] Mama Shamim: Nasra si wakati wake. Sikilizeni. Kabla ya kumshika MFUNGENI MDOMO. Mbwa mwenye maumivu humuuma hata anayemlisha. Ila akitapika au akihema kwa shida mfungueni upesi, asije akapaliwa

[18:50] Opio: Tai ya shule ya Brian itafaa?

[18:50] Mama Shamim: Tena sana. Kaza juu ya pua, pitisha chini ya kidevu, funga nyuma ya masikio

[18:52] Mama Shamim: Mimi nimekandamiza jeraha. Atakayenipokea, damu ikipenya aongeze kitambaa juu yake. Asifunuefunue kuchungulia

[18:53] Fundi Wafula: Habari za jioni. Nani anauza jerikeni la lita 20

[18:53] Mama Shamim: Wafula!!

[18:55] Baba Kevin: Nina Panadol, apewe nusu atulie

[18:56] Mama Shamim: Wewe na Panadol zako. Mnyama hapewi dawa ya mtu

[18:56] Nasra: Paka wangu Mishi anakusalimia kutoka kaburini

[18:57] Baba Kevin: Hayo mbona hayaishi? Nilitaka kusaidia

[18:59] Nasra: Musawo, daktari wa mifugo, alisema hata kidonge kimoja kinamuua paka, mwili wake hauwezi kuivunja ile dawa. Uso ulimvimba, ufizi ukawa kahawia. Na pole yako sijaisikia mpaka leo

[19:00] Baba Kevin: Nilileta sukari kilo mbili

[19:00] Fundi Wafula: Sukari ya matanga ya paka 😂😂

[19:04] Opio: Yuko juu ya ubao. Ila Brian ameumwa kidogo mkononi kabla sijafunga tai. Alama ya jino tu

[19:04] Mama Shamim: Imetoa damu?

[19:05] Opio: Kidogo. Mama yake amepaka mafuta ya taa

[19:05] Mama Shamim: Yaoshwe hayo! Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, mkitazama saa. Si kulowesha tu

[19:07] Baba Kevin: Msimtishe mtoto. Askari tunamjua sote, si mgonjwa

[19:07] Mama Shamim: Alichanjwa lini? Kadi yake anayo nani?

[19:13] Mama Shamim: Kimya

[19:19] Hajji Musa: Asalaam aleykum. Nimesoma yote. Mpwa wangu aliumwa na mbwa wa nyumbani, tuliyemjua sote. Kidonda kidogo kama hicho, kikapona. Miezi miwili baadaye akawa hawezi kumeza maji. Tukamzika. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina dawa. Opio, mpeleke mtoto hospitali kubwa usiku huu. Nauli nimetuma kwenye simu yako

[19:20] Opio: Sawa Hajji. Tunatoka

[19:24] Nasra: Sawa Hajji

[19:31] Baba Kevin: Sawa Hajji

[20:22] Mama Shamim: Musawo wa mifugo amemshona Askari na kumfunga mguu, mfupa umevunjika. Anasema asiuawe, afungiwe siku 10 tumwangalie. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, basi hakumwambukiza Brian. Nani atamfungia kwake?

[20:40] Nasra: Kwangu kuna paka

[21:15] Opio: Brian amechomwa sindano ya kwanza. Kurudi ni siku ya 3 na ya 7, zinazofuata watatuambia

[21:16] Mama Shamim: Alhamdulillah. Jumapili musawo anakuja kuchanja mbwa na paka wote wa hapa. Elfu 10 kila nyumba, nitumieni mimi

[21:18] Baba Kevin: Kama zile sente za taa ya geti?

[21:18] Mama Shamim: Risiti niliwaonyesha

[21:19] Baba Kevin: Ulimwonyesha nani

[21:20] Hajji Musa: Basi.

[21:58] Mama Kevin: Ndiyo natoka kazini. Ubao bado mnautafuta?

[22:03] Mama Shamim: Askari yuko kwenye stoo yangu, leo tu. Kesho achukuliwe

[22:10] Fundi Wafula: 👍

[22:11] Mama Shamim: Wafula hilo dole ni la kumchukua Askari au la elfu 10?