Nauziwa vidonge vya karoti nisipate kansa ya koo kama mzee, ninunue?

Mrombo_mjini: Wakuu habari za humu. Mzee wangu tulimzika mwaka jana, kansa ya koo la chakula, alianza kushindwa ugali, ikaja uji, mwisho hata maji yanarudi. Sasa kuna jamaa wa dawa lishe ananiambia utafiti umeonyesha wenye rangi nyingi za mboga kwenye damu, sijui beta-karotini sijui luteini, hawapati sana kansa ya koo na tumbo, so nimeze kapsuli kila siku. Mi navuta fegi na mbege wikiendi haipiti. Nichukue au napigwa?

Nesi mstaafu: Pole mdogo wangu. Usinunue, na wewe mvutaji ndo usiguse kabisa. Finland waliwafuatilia wanaume wavutaji zaidi ya 29,000, wengine wakapewa beta-karotini miligramu 20 kwa siku, majibu yalipotoka 1994 waliomeza wamepata kansa ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Hiyo rangi kwenye damu inaonyesha tu mtu anakula mboga na matunda, na mtu huyo mara nyingi havuti wala halewi, sigara na pombe zenyewe zinaishusha.

Kigingi: Ila dada, China kule Linxian si waliwapa watu vidonge vifo vya kansa ya tumbo vikapungua?

Nesi mstaafu: Ni kweli, 1993, lakini wale lishe yao ilikuwa duni sana halafu walipewa beta-karotini pamoja na vitamini E na madini ya seleniamu. Na kansa ya umio, hiyo ya mzee wake, haikupungua kwa kiasi cha maana.

mama kisamvu: Kula mchicha na majani ya maboga, tia mafuta au karanga maana bila mafuta hizo rangi haziingii mwilini vizuri, papai na embe shushia. Hela ya kapsuli si utakula mwezi mzima jamani

Kigingi: Na chai ya moto uiache ipoe, kinywaji cha kupita nyuzi 65 WHO walishakiweka 2016 kwenye vitu vinavyohisiwa kuleta kansa ya umio.

Nesi mstaafu: Ukianza kuona tonge linakwama usingoje, kapige kipimo cha kamera. Mzee angewahi pale kwenye ugali.

Mrombo_mjini: Asanteni sana. Jamaa nimemuuliza habari za Finland kanibloku